Tupime Homa ya Ini ili Tutunzane, Tusipime ili Tuchujane



Kuna karatasi moja ndogo ambayo siku hizi inapita mikononi mwa waamini wengi. Kijana anayeomba kuingia seminari au utawa hupewa fomu ya afya, na ndani yake mara nyingi kuna mstari wa homa ya ini. Wachumba wanaojiandaa kwa ndoa hushauriwa wakapime, nao hurudi na karatasi hiyo. Mama mjamzito huikuta kliniki. Vijana wa parokia wanaojitolea damu hupimwa pia, kwa sababu damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C kabla ya kupewa mgonjwa. Hivyo wengi huambiwa habari hii wakiwa wazima kabisa, siku ambayo hawakuwa na wazo lolote la kuugua.

Tatizo ninaloliona ni kwamba tumejifunza kudai majibu kabla hatujajifunza kuyasoma. Neno moja tu, "anayo", linatosha kuzima mazungumzo ya ndoa, kusimamisha safari ya wito, au kumfanya mtu ajitenge na jumuiya yake akiamini kwamba wote wanamtazama. Rai yangu katika makala hii ni fupi. Anayemtaka mwenzake apime homa ya ini ana wajibu wa kuwa naye baada ya majibu kutoka. Kipimo kisichofuatwa na maelezo, chanjo au tiba kinaumiza tu. Na majibu ya kipimo kimoja, peke yake, hayatoshi kumfungia mtu mlango wa wito wala wa ndoa.

Mimi sisomei udaktari, nasoma falsafa. Lakini falsafa inatuzoesha kutenganisha mambo yanayofanana na kutokimbilia hitimisho, na homa ya ini B inahitaji sana zoezi hilo.

Jina linavyotupoteza

Homa ya ini ni kuvimba kwa ini. Chanzo chaweza kuwa pombe, baadhi ya dawa, au virusi. Virusi vinavyojulikana zaidi ni vya aina tano: A, B, C, D na E. Aina ya A na E huingia hasa kwa chakula na maji yaliyochafuliwa, na kwa kawaida mgonjwa hupona. Aina ya C huenea kwa damu. Haina chanjo, lakini ina dawa za kuiponya. Aina ya D haimpati mtu asiye na B, kwa hiyo aliyejikinga na B amejikinga na D pia. Aina ya B, ninayoizungumzia hapa, ina chanjo nzuri na ina dawa za kuituliza, ila dawa hizo kwa walio wengi haziiondoi kabisa mwilini.

Wengi wetu huichanganya homa ya ini na homa ya manjano. Homa ya manjano huenezwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile inayoandikwa kwenye kadi ya njano ya wasafiri. Mtu anaweza kuwa na kadi hiyo mfukoni na asiwe na kinga yoyote dhidi ya homa ya ini B. Mkanganyiko unatokana na macho: magonjwa yote mawili yanaweza kuyageuza kuwa ya manjano. Lakini watu wengi wenye homa ya ini B hukaa miaka mingi bila macho kubadilika rangi. Kirusi hukaa kwenye ini miaka 20 au 30 kimya, bila homa wala maumivu, kisha siku moja ini linakutwa limejaa makovu na kusinyaa, tumbo linajaa maji, au saratani imeanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B, karibu milioni 65 kati yao wakiwa katika kanda yake ya Afrika. Mwaka huohuo watu milioni 1.1 walikufa kutokana na ugonjwa huu. Kati ya wote wenye maambukizi, asilimia 13 tu ndio waliokuwa wanajua hali yao, na asilimia 3 tu walikuwa kwenye matibabu. Maana yake, katika kila watu 100 wenye kirusi, 87 hawajui. Baadhi yao wamo katika makanisa yetu kila Dominika, na pengine wamo katika mabweni yetu.

Kinavyoingia na kisivyoingia

Kirusi cha homa ya ini B hukaa kwenye damu na majimaji ya mwili. Kinapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kinapita kati ya watoto wadogo wanaocheza wakiwa na michubuko na vidonda. Kinapita kwa tendo la ndoa, kwa sindano zinazorudiwa, kwa damu isiyopimwa, na kwa kila kitu chenye ncha kali kilichogusa damu ya mtu mmoja kikatumika kwa mwingine.

Hapo kuna jambo la kwetu sisi wa seminari. Kirusi hiki kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Tunanyoana nywele kwa mashine moja bweni zima. Wembe unaazimwa, na kikatia kucha nacho kinazunguka vitanda vyote. Tunauita huo udugu, lakini udugu hauhitaji wembe mmoja. Huko vijijini tulikotoka bado wapo watu wanaochanjwa chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Mtoto mchanga hukatwa kimeo au kutobolewa masikio kwa kifaa ambacho hakuna anayejua kilichemshwa lini. Haya tuyaseme wazi kwenye jumuiya zetu, bila kumdharau mtu.

Sasa upande wa pili, ambao ni muhimu vilevile. Homa ya ini B haienei kwa kula sahani moja, kunywa kikombe kimoja, kukumbatiana, kushikana mikono, kukohoa au kupiga chafya. Kupeana amani katika Misa hakuiambukizi. Kukaa benchi moja darasani au kulala chumba kimoja hakuiambukizi. Mama mwenye kirusi anaweza kumnyonyesha mtoto wake. Kwa hiyo kumtengea mtu sahani yake jikoni, au kukwepa mkono wake kanisani, hakumkingi mtu yeyote. Kunamwongezea tu mgonjwa mzigo ambao kirusi chenyewe hakikumpa.

Kosa la kimantiki linalovunja majina ya watu

Katika darasa la mantiki tunapewa mfano rahisi. Mvua ikinyesha, uwanja hulowa. Uwanja umelowa. Je, mvua imenyesha? Huwezi kusema hivyo kwa uhakika. Huenda bomba limepasuka, au mtu amemwaga maji. Anayeruka kutoka kwenye uwanja uliolowa hadi kwenye mvua amefanya kosa la kufikiri, hata kama kwa bahati mvua ilinyesha kweli.

Kosa hilohilo tunalifanya kwa watu. Kwa kuwa homa ya ini B inaweza kuambukizwa kwa kujamiiana, basi frateri aliyekutwa nayo "tunajua alikuwa anafanya nini". Kwa kuwa mchumba amekutwa nayo, basi "hakuwa mwaminifu". Hitimisho hilo halifuati, na takwimu za ugonjwa zinalikataa kwa nguvu.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mambo mengi katika ugonjwa huu. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kirusi kubaki mwilini mwake maisha yote ni asilimia 90 au zaidi. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida hukishinda kirusi ndani ya miezi 6 na kubaki na kinga. Wanaobaki nacho ni chini ya asilimia 5. Sasa fikiri pamoja nami. Ukikutana na kijana wa miaka 25 mwenye maambukizi sugu katika nchi zetu, maelezo yenye uwezekano mkubwa ni kwamba alikipata akiwa mtoto mchanga au mtoto mdogo, kabla hajajua kusema. Hakutenda kosa lolote, na mama yake pia hakujua.

Kwetu Tanzania chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Mimi na wenzangu wengi wa rika langu tulizaliwa kabla ya hapo. Kaka zetu, dada zetu, wazazi wetu, walezi wetu na maparoko wetu nao walizaliwa kabla ya hapo. Sisi ndio kundi lililokosa kinga hiyo utotoni, na ndio haohao tunaojaza fomu za seminari, tunaoandikisha ndoa na tunaojitolea damu. Kutumia majibu ya kipimo kama ushahidi wa mwenendo wa mtu ni kumhukumu kwa mwaka aliozaliwa.

Kusoma majibu

Kipimo cha kwanza hutafuta sehemu ya ganda la nje la kirusi katika damu. Kwenye karatasi huandikwa HBsAg. Sehemu hiyo iligunduliwa na Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani, na wenzake katika miaka ya 1960, wakati akichunguza tofauti za damu za watu wa mataifa mbalimbali. Aliikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, ndiyo maana hapo mwanzo iliitwa antijeni ya Australia. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kupima damu na kutengeneza chanjo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Siku ya Homa ya Ini Duniani huadhimishwa tarehe 28 Julai, siku aliyozaliwa.

Kipimo hicho kikionyesha kirusi kipo, kinajibu swali moja tu: leo, katika damu hii, kirusi kipo. Hakisemi kiliingia lini, wala kwa njia gani. Hakisemi ini lina hali gani, kama mtu anahitaji dawa, wala ataishi miaka mingapi. Hayo ni maswali mengine, na kila moja lina kipimo chake.

Ili kujua kama maambukizi ni sugu, kipimo hurudiwa baada ya miezi 6. Ili kujua hali ya ini, daktari huangalia damu, hupima vimeng'enya vya ini, na hupiga altrasaundi. Ili kujua kirusi kina nguvu kiasi gani, hupimwa wingi wa virusi katika damu. Kuna pia kipimo cha kingamwili, kinachoonyesha kama mtu ana kinga aliyoipata kwa chanjo au kwa kupona, na kingine kinachoonyesha kama aliwahi kukutana na kirusi. Anayeanza dawa hupimwa VVU pia, kwa sababu dawa moja ya homa ya ini B ni miongoni mwa dawa za VVU, na mwenye VVU hapaswi kuinywa peke yake.

Vivyo hivyo kwa aliyekutwa hana. Wengi wakiambiwa "huna" hushukuru Mungu na kuondoka. Lakini "huna" haimaanishi "una kinga". Inaweza kumaanisha kwamba bado hujakutana na kirusi, na siku ukikutana nacho huna ulinzi. Pia aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kukutwa hana, kwa kuwa kirusi huanza kuonekana kwenye kipimo baada ya siku 30 hadi 60. Kwa hiyo majibu ya "huna" nayo yana hatua inayofuata, nayo ni chanjo. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Kwa watoto na vijana, zaidi ya asilimia 95 ya waliochanjwa kikamilifu hupata kinga, na kinga hiyo hudumu miaka 20 au zaidi, pengine maisha yote. Wengi wetu huishia dozi ya kwanza au ya pili. Tuikamilishe.

Tiba ipo, na haiuzwi kwenye basi

Aliyekutwa na maambukizi sugu si lazima aanze dawa siku hiyo. Wapo wanaofuatiliwa tu kwa vipimo kila baada ya miezi kadhaa. Wengine wanahitaji dawa mapema: wenye makovu kwenye ini, wenye virusi vingi na ini linaloumizwa, wenye VVU, wenye ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini. Mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo mpya unaopanua kundi la wanaostahili dawa, hivi kwamba zaidi ya nusu ya wenye maambukizi sugu wanaweza kuhitaji matibabu. Aliyeambiwa miaka ya nyuma kwamba hahitaji dawa ana sababu ya kurudi kuuliza tena.

Dawa zinazotumika zaidi ni tenofovir na entecavir. Ni vidonge, kimoja kwa siku. Kwa wengi hutumika maisha yote. Hupunguza virusi, huzuia makovu, na hupunguza sana hatari ya saratani. Kuziacha ghafla bila daktari ni hatari, kwa sababu kirusi kinaweza kuamka kwa nguvu na kulivunja ini. Na kwa kuwa tenofovir hutumika pia kwa VVU, mtu akionekana na chupa yake huanza kusemwa. Nimesikia maneno ya namna hiyo, na naamini ni sababu mojawapo ya watu kuficha vidonge na hatimaye kuviacha. Ulimi wetu unaweza kuua ini la mwenzetu.

Bila ufuatiliaji, kati ya asilimia 20 na 30 ya watu wazima wenye maambukizi sugu hupata kusinyaa kwa ini au saratani ya ini. Asilimia hizo zisitutishe bali zitusukume kwenda hospitali mapema, kwa sababu saratani ya ini ikionekana wakati tumbo limeshavimba, madaktari hubaki na machache ya kufanya.

Hapo ndipo ninapowaonya wapendwa wangu kuhusu dawa za "kusafisha ini" zinazouzwa kwenye mabasi, sokoni na kwenye simu zetu. Ini likiwa tayari linaumwa, mitishamba isiyojulikana kipimo chake inaweza kuliharibu zaidi. Pombe nayo ni adui wa wazi wa ini hili. Kuna pia adui asiyeonekana, sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa mwenye homa ya ini B, sumukuvu huongeza hatari ya saratani ya ini mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kukausha mahindi vizuri na kutupa karanga zenye ukungu ni sehemu ya tiba, na ghala la seminari linahusika.

Na sala je? Tusali, tena tusali sana. Lakini Maandiko yenyewe, katika Yoshua bin Sira sura ya 38, yanampa tabibu heshima na kuihesabu dawa kuwa kazi ya Mungu. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani anakwenda kinyume na mafundisho hayo. Kanisa letu limejenga hospitali kwa sababu linaamini kwamba neema hufanya kazi pia kupitia mikono ya wauguzi. Bugando kule Mwanza na Mtakatifu Fransisko kule Ifakara ni mashahidi.

Wito, ndoa na sheria ya Kanisa

Najua walezi wetu wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Gombera anabeba nyumba nzima. Anatakiwa kulinda afya ya wengine, na kujiuliza kama kijana huyu ataweza kazi ya parokia yenye vigango vya mbali. Kanuni ya 241 ya Sheria za Kanisa inamtaka askofu aangalie pia afya ya mwili na ya akili ya anayepokelewa seminari kuu, na kanuni ya 1029 inarudia jambo hilo kwa wanaopewa daraja. Kuuliza afya ni halali.

Lakini tuangalie kinachoulizwa. Kanuni inauliza kuhusu afya ya mtu, na kipimo cha HBsAg kinajibu kuhusu kuwepo kwa kirusi. Haya ni mambo mawili. Kijana mwenye kirusi na ini zima, anayefuatiliwa na daktari, anaweza kuwa na nguvu za kazi kuliko mwenzake asiye na kirusi. Anayeweza kujibu swali la kanuni ni daktari aliyemchunguza mtu mzima, kwa vipimo vyote nilivyovitaja. Usalama wa wenzake nao una jibu: nyumba nzima ichanjwe, na kila mmoja awe na wembe wake. Nyumba iliyomwondoa mmoja aliyepimwa, huku ikiacha wengine bila chanjo, haijapata usalama wowote. Itampokea mwingine mwakani.

Kanuni ya 220 nayo inalinda jina jema la kila mwamini na haki ya siri zake. Majibu ya hospitali ni ya mwenye mwili. Hayapaswi kujulikana na jikoni, na darasa zima, wala na kamati ya miito ya parokia.

Kuhusu ndoa, kanuni ya 1058 inasema wote wanaweza kufunga ndoa isipokuwa wale ambao sheria inawakataza. Vizuizi vya ndoa vimeorodheshwa katika kanuni ya 1083 hadi 1094, na ugonjwa wa kuambukiza haumo. Hakuna paroko wala katekista anayeweza kukataa ndoa kwa sababu ya homa ya ini B. Hata hivyo mchumba ana haki ya kujua. Upendo unaoanza kwa kuficha jambo kubwa namna hii una nyufa tangu msingini, na kanuni ya 1098, inayohusu ndoa iliyofungwa kwa hila, inatukumbusha uzito wa ukweli kati ya wachumba. Wakishaambiana, wana njia. Asiye na kirusi achanjwe dozi zote kabla ya harusi, kisha apimwe kingamwili mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, ili wajue kama kinga imepatikana. Mke akiwa ndiye mwenye kirusi, apate kliniki mapema akishika mimba. Mwenye virusi vingi hupewa tenofovir ili kumkinga mtoto, na WHO inapendekeza mtoto apewe chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Katika kanda ya Afrika, mwaka 2022 ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliopata dozi hiyo ya mapema. Wazazi waulize kliniki kabla ya siku ya kujifungua, wasisubiri siku yenyewe.

Tufanye nini

Kwanza, nyumba za malezi zigeuze utaratibu. Badala ya kumwambia mwombaji "leta majibu", tumwambie "pima, chanjwa kama huna kirusi, na kama unacho, onana na daktari, kisha uje tuzungumze". Dozi tatu zinachukua miezi 6, na mwombaji kwa kawaida anajulikana parokiani mapema kuliko hapo.

Pili, kila frateri awe na wembe wake, kikatia kucha chake na mswaki wake, na mashine ya bweni isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila kichwa. Hili halihitaji fedha za mfadhili.

Tatu, mafundisho ya ndoa yawe na kipindi kimoja cha muuguzi au daktari. Wachumba wapime mapema, miezi kadhaa kabla ya matangazo kusomwa kanisani, ili majibu yasiwakute kadi zimeshagawiwa na ukumbi umeshalipiwa.

Nne, jumuiya ndogondogo zijue kwamba mtu mmoja akikutwa na kirusi, familia yake ihimizwe kupima: mwenzi, watoto, ndugu wa tumbo moja na wazazi. Mara nyingi kirusi kimekaa katika familia kwa vizazi, na aliyepimwa wa kwanza ndiye anayewaokoa wengine. WAWATA na VIWAWA wanaweza kulibeba jambo hili vizuri, hasa tarehe 28 Julai inapokaribia.

Tano, tunaoandaliwa kuwa mapadre tujifunze tangu sasa kupokea habari za mwili wa mtu kama tutakavyopokea siku moja habari za roho yake: kusikiliza, kumwelekeza kwa daktari, na kunyamaza.

Kama wewe unayesoma hujawahi kupima, nenda kituo cha afya kilicho karibu wiki hii. Ukiambiwa huna, omba chanjo na uikamilishe. Ukiambiwa unayo, usikimbilie kuandika barua ya kuacha wito wala kuvunja uchumba. Uliza kipimo kinachofuata ni kipi, panga tarehe ya kurudi, na uwaambie wa nyumbani kwenu nao wapime. Na kama mwenzako amekuja kukuambia kwamba majibu yake yametoka, mkaribishe mezani mle pamoja, kisha umsindikize kliniki.